Ghafi na Halisi: Namna ya Kusoma Hesabu za Fedha Bila Kupotea

Mtu mmoja anasema biashara yake inaingiza milioni kumi kwa mwezi. Anayemtunzia hesabu anasema biashara hiyohiyo inamwachia laki sita na elfu sitini na tano. Hakuna anayedanganya. Mmoja anataja kiasi ghafi, mwingine anataja kiasi halisi, na kati yao kuna makato ambayo hakuna aliyeyataja. Humohumo katikati ndimo watu wanamoumia: mtu anakopa kwa kutegemea namba ya kwanza, halafu anarejesha kwa kutumia ile ya pili.

Mwongozo huu unapita kwenye mshahara, biashara, kodi iliyomo ndani ya bei, mikopo na uwekezaji. Namba zote ni za mfano; weka sarafu yako na viwango vya kodi vya nchi yako. Swali la kubeba tangu mwanzo ni moja tu: *imeondolewa nini?*

## Hatua ya 1: Yaelewe maneno yenyewe

Kiswahili kimetupa msaada mkubwa hapa. Ghafi ni kitu ambacho bado hakijashughulikiwa, ndiyo maana tunasema malighafi na mafuta ghafi. Kiasi ghafi cha fedha ni hicho hicho: fedha jinsi ilivyo kabla haijaguswa na makato. Kwenye mizani, uzito ghafi ni mzigo pamoja na chombo chake. Uzito halisi ni mzigo peke yake.

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa ghafi na halisi ni namba mbili tu, moja juu na nyingine chini. Ni afadhali uzifikirie kama ngazi. Kila kidato unachoshuka, kuna kitu kimeondolewa. Kwa hiyo kiasi kimoja kinaweza kuwa halisi ukikitazama kutoka juu na kikawa bado ghafi ukikitazama kutoka chini. Mtu akikuambia "hii ni halisi," bado hajakuambia lolote mpaka ataje alichoondoa.

## Hatua ya 2: Uchambue mshahara wako mstari kwa mstari

Chukua hati yako ya malipo ya mshahara. Juu kabisa pana mshahara wa msingi, kisha posho. Jumla yake ndiyo mshahara ghafi. Tuseme msingi ni 1,000,000 na posho ni 200,000, hivyo ghafi ni 1,200,000.

Sasa tushuke ngazi, tukichukulia kwamba mchango wa pensheni ni asilimia 10 ya mshahara ghafi na hukatwa kabla ya kodi, na kwamba 300,000 za kwanza hazitozwi kodi huku zinazozidi zikitozwa asilimia 20:

- Mshahara ghafi: 1,200,000
- Toa pensheni: 120,000
- Kiasi kinachotozwa kodi: 1,080,000
- Kodi (asilimia 20 ya 780,000): 156,000
- Mshahara halisi: 924,000

Mpangilio wa makato una uzito wake. Kama kodi ingepigwa kabla ya pensheni kuondolewa, ingekuwa asilimia 20 ya 900,000, yaani 180,000. Tofauti ya 24,000 kila mwezi inatokana na mpangilio tu. Ndiyo maana nakushauri upige hesabu hii mwenyewe angalau mara moja kwa mwaka, na kila mshahara unapobadilika. Angalia kwanza sheria ya nchi yako inasema mchango upi huondolewa kabla ya kodi na upi baada yake.

Chini ya hapo mara nyingi kuna makato mengine: marejesho ya mkopo 150,000, akiba ya ushirika 50,000. Kinachoingia benki kinabaki 724,000. Wengi hukiita hicho mshahara halisi, na hapo huchanganya vitu viwili tofauti. Kodi imekwenda zake. Lakini ile akiba ya 50,000 bado ni yako, imehama mfuko tu, na pensheni nayo ni mali yako ya baadaye. Marejesho ya mkopo ni deni la matumizi uliyokwisha kuyafanya. Ukitaka kulinganisha kazi mbili, linganisha 924,000 na kiasi cha aina hiyohiyo kule kwingine. Ukitaka kupanga matumizi ya mwezi, tumia 724,000.

Juu ya mshahara ghafi pia kuna kidato ambacho mfanyakazi hakioni. Mwajiri akichangia pensheni asilimia 10 kwa upande wake, wewe unamgharimu 1,320,000. Hivyo mshahara mmoja una namba nne za kweli: 1,320,000, 1,200,000, 924,000 na 724,000. Mnapojadiliana malipo, kila upande uwe unajua ni ipi inayozungumzwa, na mkataba uiandike kwa jina lake.

## Hatua ya 3: Rudi kutoka halisi kwenda ghafi

Hapa ndipo hata watu wazoefu huteleza. Tuseme unataka nyongeza itakayokuacha na 90,000 zaidi mkononi. Uombe ghafi kiasi gani?

Anza kwa kuona nyongeza ya 100,000 inavyoliwa. Pensheni inachukua 10,000, zinabaki 90,000 zinazotozwa kodi, kodi inachukua 18,000. Unabaki na 72,000. Kwa hiyo kila 100 ya nyongeza inakuachia 72, ingawa mshahara wako wote kwa wastani unakuachia 77 kwa kila 100 (924,000 ukigawanya kwa 1,200,000). Nyongeza hukatwa zaidi ya wastani kwa sababu ile sehemu isiyotozwa kodi ulishaitumia yote.

Mtu wa haraka atasema: makato ni asilimia 28, basi naongeza asilimia 28 juu ya 90,000, naomba 115,200. Akipewa, atapokea 82,944 na kujiuliza zilizobaki zimekwenda wapi. Njia sahihi ni kugawanya: 90,000 kwa 0.72 ni 125,000. Hakiki: pensheni 12,500, kodi asilimia 20 ya 112,500 ambayo ni 22,500, zinabaki 90,000 kamili.

Kanuni ni hii: kwenda chini unazidisha, kurudi juu unagawanya. Asilimia iliyotolewa kwenye kiasi kikubwa hairudishwi kwa kuongeza asilimia ileile kwenye kiasi kidogo.

Niongeze jambo moja kwa sababu limewafanya watu wakatae vyeo. Penye kodi ya madaraja, kuingia daraja la juu hakufanyi mshahara wako wote utozwe kiwango cha juu. Kinachotozwa kiwango hicho ni ile sehemu iliyovuka mpaka peke yake. Madaraja yenyewe hayawezi kukufanya upokee pungufu ya ulichokuwa ukipokea. Kinachoweza kufanya hivyo ni kupoteza posho au msamaha fulani uliofungamana na kipato, na hilo ni la kuchunguza kivyake.

## Hatua ya 4: Ishushe biashara ngazi nzima

Turudi kwa yule wa milioni kumi. Hii ndiyo hesabu yake ya mwezi.

Mauzo ghafi ni 10,000,000. Bidhaa zilizorudishwa na wateja ni 400,000, punguzo la bei alilotoa ni 100,000. Mauzo halisi ni 9,500,000. Neno "halisi" limeshatokea, na bado hatujazungumzia faida hata kidogo.

Kisha gharama ya bidhaa zilizouzwa. Hii siyo fedha aliyotumia kununua bidhaa mwezi huo, na naomba usipite haraka hapa. Alianza mwezi akiwa na bidhaa za 1,500,000, akanunua nyingine za 6,200,000, akamaliza mwezi na bidhaa za 2,000,000 ambazo hazijauzwa. Zilizouzwa zilimgharimu 1,500,000 + 6,200,000 − 2,000,000, yaani 5,700,000. Asiyehesabu bidhaa zilizobaki mwisho wa mwezi hawezi kuijua faida yake ghafi, hata awe na daftari zuri namna gani.

Faida ghafi: 9,500,000 − 5,700,000 = 3,800,000. Hiyo ni asilimia 40 ya mauzo halisi.

Baada ya hapo zinakuja gharama za uendeshaji: pango, mishahara, umeme, usafirishaji, na uchakavu wa vifaa. Jumla 2,600,000. Faida ya uendeshaji inabaki 1,200,000. Riba ya mkopo ni 250,000, faida kabla ya kodi ni 950,000. Kodi ya mapato, kwa mfano asilimia 30, ni 285,000. Faida halisi ni 665,000, sawa na asilimia 7 ya mauzo halisi.

Uzuri wa ngazi hii ni kwamba inakuonyesha ugonjwa uko wapi. Asilimia ya faida ghafi ikishuka, tafuta kwenye bidhaa: bei ya kununulia imepanda, unauza kwa bei ya chini mno, punguzo limezidi, au mali inapotea ghalani. Faida ghafi ikiwa imara huku faida halisi ikizama, tatizo liko kwenye pango, mishahara au madeni. Anayetazama namba ya mwisho peke yake anajua anaumwa, hajui anaumwa nini.

Inakuonyesha pia mauzo ya chini kabisa ya kukuweka hai. Tuchukulie gharama za uendeshaji na riba hazibadiliki mauzo yakipanda au kushuka: jumla 2,850,000. Gawanya kwa 0.40, unapata 7,125,000. Mauzo halisi yakiwa chini ya hapo, unakula mtaji.

Angalia sasa punguzo la bei linavyofanya kazi, maana wafanyabiashara wengi hulitoa kwa moyo mwepesi. Faida kabla ya kodi hapa ni asilimia 10 ya mauzo halisi. Akipunguza bei zake zote kwa asilimia 10 na wateja wasiongezeke, faida hiyo yote inafutika. Haipungui kwa sehemu ya kumi, inakwisha. Gharama hazikupunguza bei pamoja naye.

Na kuna mkanganyiko wa kuongeza juu ya bei ya kununulia. Kitu kilichonunuliwa kwa 60 na kuuzwa kwa 100 kina faida ghafi ya asilimia 40 ya mauzo, lakini umeongeza karibu asilimia 67 juu ya gharama. Anayetaka faida ya asilimia 40 akaongeza asilimia 40 juu ya 60 atauza kwa 84, na faida yake itakuwa asilimia 28.6 tu. Ni kosa lilelile la Hatua ya 3 kwa sura nyingine: gawanya 60 kwa 0.60 upate 100.

Mwisho wa sehemu hii ni ushauri kwa anayeendesha biashara yake mwenyewe. Kama hujilipi mshahara, faida halisi unayoiona imechanganya malipo ya jasho lako na faida ya mtaji wako. Kadiria ungemlipa nani kiasi gani afanye kazi yako, kiondoe, kisha tazama kinachobaki. Wapo wanaogundua hapo kwamba biashara haileti faida yoyote, ila imewapa ajira. Si vibaya, lakini ni vyema kujua kabla hujakopa ili kuipanua.

## Hatua ya 5: Itoe kodi iliyomo ndani ya bei

Kodi ya ongezeko la thamani inayokusanywa kwa mteja si mapato yako. Unaishika kwa niaba ya serikali. Ukiuza kwa 120 na kodi ni asilimia 20, mauzo yako ni 100. Unayapata kwa kugawanya 120 kwa 1.20. Ukitoa asilimia 20 ya 120 utapata 96, na utakuwa umekosea kila ankara mwaka mzima. Mkataba wowote wa malipo useme waziwazi kama bei inajumuisha kodi au la.

## Hatua ya 6: Uliza fedha ni ya nani hasa

Swali la kodi linatufikisha kwenye jambo kubwa zaidi. Wakala akiuza tiketi ya 1,000 na kubaki na kamisheni ya 100, mapato yake ni 1,000 au 100? Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, kupitia IFRS 15 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, vinataka uangalie nani anaimiliki bidhaa au huduma kwa maana ya kuwa na mamlaka juu yake kabla haijamfikia mteja. Aliye na mamlaka hayo ni muuzaji mkuu na huonyesha kiasi ghafi. Asiye nayo ni wakala, naye huonyesha kamisheni peke yake.

Ukubwa wa tofauti hii ulionekana mwaka 2011, kampuni ya Groupon ya Marekani, inayouza mtandaoni kuponi za punguzo za biashara nyingine, ilipokuwa ikijiandaa kuuza hisa kwa umma. Mapato yake ya mwaka 2010 yalikuwa yametangazwa kuwa dola milioni 713.4, kwa kuhesabu fedha yote iliyolipwa na wateja. Yaliporekebishwa ili kuondoa sehemu ya wafanyabiashara wenye huduma, yalibaki dola milioni 312.9. Fedha iliyobaki kwenye kampuni haikubadilika kwa marekebisho hayo. Kilichobadilika ni ukubwa ambao mwekezaji alidhani anaununua.

Kwa hiyo ukisoma kwamba jukwaa fulani la mtandaoni "limepitisha" kiasi kikubwa cha fedha, tafuta namba ya pili: limebaki na kiasi gani.

## Hatua ya 7: Pima mkopo na uwekezaji kwa kinachofika mkononi

Umekopa 1,000,000 kwa riba ya asilimia 12, utalipa yote kwa mkupuo baada ya mwaka. Mkopeshaji anakata ada 50,000 kabla ya kukupa. Umepokea 950,000, lakini utarejesha 1,120,000. Gharama yako ni 170,000 kwa fedha uliyoitumia kweli, 950,000, sawa na karibu asilimia 17.9. Asilimia 12 iliandikwa kwa kiasi ghafi ambacho hukuwahi kukishika. Ukilinganisha mikopo miwili, andika pembeni kiasi kilichoingia na jumla ya kurejesha, uache matangazo.

Upande wa akiba, riba unayoahidiwa kwa kawaida ni kabla ya kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) na ada za akaunti. Kwenye mifuko ya uwekezaji, ada ya usimamizi inaonekana ndogo mpaka uipe muda. 1,000,000 ikikua kwa asilimia 8 kwa mwaka inafika takriban 4,661,000 baada ya miaka 20. Ada ikila asilimia 2 na ukuaji ukabaki asilimia 6, unapata takriban 3,207,000. Tofauti ni zaidi ya mtaji wote ulioanza nao.

## Hatua ya 8: Usikubali madeni yafichwe ndani ya "halisi"

Mpaka hapa nimeonyesha jinsi kiasi ghafi kinavyoweza kukuvimbisha kichwa. Lakini halisi nayo huficha. Utajiri wako halisi ni mali zako ukitoa madeni yako. Mwenye mali za 50,000,000 na madeni ya 45,000,000 ana utajiri halisi wa 5,000,000, sawasawa na mwenye mali za 5,000,000 asiyedaiwa. Namba ni moja, hatari ni tofauti kabisa: mali za wa kwanza zikishuka thamani kwa asilimia 10, hana kitu. Wa pili akipata mshtuko huohuo, bado ana 4,500,000.

Ndiyo sababu kanuni za uhasibu haziruhusu kampuni ifute deni kwa kulitoa kwenye mali inavyopenda. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 32 kinaruhusu mali ya kifedha na deni la kifedha vionyeshwe kwa tofauti yake pale tu kampuni inapokuwa na haki ya kisheria ya kuvikata kimoja kwa kingine, na pia inakusudia kufanya hivyo au kuvimaliza vyote kwa wakati mmoja. Nawe kwenye daftari lako, andika unachodai na unachodaiwa kwenye mistari miwili. Anayekudai hatasubiri mpaka unayemdai akulipe.

## Hatua ya 9: Jihadhari na neno "halisi" lenyewe

Katika Kiswahili neno hili linabeba maana mbili, na vitabu na magazeti huzitumia zote. Ya kwanza ni hii tuliyoizungumzia: baada ya makato. Ya pili ni baada ya kuondoa athari ya mfumuko wa bei. Mshahara ukipanda asilimia 8 na bei zikapanda asilimia 10, uwezo wako wa kununua umeshuka kwa karibu asilimia 1.8, na mchumi atasema mshahara halisi umeshuka. Mhasibu akitazama hati yako ya malipo atasema mshahara halisi umepanda. Wote wako sahihi, kila mmoja kwa maana yake.

Pato la taifa linaonyesha mkanganyiko huu vizuri zaidi. Linaitwa ghafi kwa sababu uchakavu wa mitambo, majengo na barabara haujaondolewa. Lakini ukuaji wake hutangazwa kuwa "ukuaji halisi", kwa maana kwamba kupanda kwa bei kumeondolewa. Hivyo pato hilo moja ni ghafi kwa uchakavu na halisi kwa bei, kwa wakati uleule.

Unaposoma, tazama maneno ya jirani: penye makato, kodi na gharama, maana ni ya kwanza, penye mfumuko wa bei, mwaka wa msingi na uwezo wa kununua, maana ni ya pili. Unapoandika wewe, iwe ni mkataba, ombi la mkopo au taarifa kwa wenzako, usiliache neno hilo peke yake. Andika "baada ya kodi na pensheni", au "baada ya gharama zote isipokuwa kodi", au "baada ya kuondoa mfumuko wa bei".